Nyhavn, Copenhagen: Nimelipia ziara ya historia ya bandari, utumwa haukutajwa hata mara moja

Ndugu wanajamvi, salaam. Naandika nikiwa bado nina hasira ingawa zimepita siku nne, na ninaomba mnisome hadi mwisho kwa sababu lalamiko langu halihusu bei ya tiketi.

Ninaishi Malmö, upande wa Uswidi, na Jumamosi iliyopita nilivuka daraja la Øresund kwa treni pamoja na mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama ana miaka 71, alifundisha historia katika shule ya msingi hadi alipostaafu, na tangu siku ya kwanza aliniambia kwamba hataki kuzungushwa madukani, anataka kuiona bandari ya zamani. Nikakata tiketi mbili za boti inayoondokea Nyhavn, mfereji wa zamani wa bandari, kwa kuwa tangazo lao liliahidi kwamba abiria watasimuliwa historia ya bandari ya Copenhagen tangu karne ya 17. Hiyo ndiyo huduma niliyoilipia.

Mahali penyewe ni pazuri, sina ugomvi napo. Nyumba nyembamba za rangi ya njano, nyekundu na buluu zimebanana kando ya mfereji, merikebu za mbao zimefungwa gatini, na watu wamekaa ukingoni miguu ikining'inia juu ya maji. Kiongozi wetu alianza vizuri. Alieleza kwamba mfereji ulichimbwa kati ya mwaka 1671 na 1673 kwa amri ya Mfalme Christian V, ili mizigo ifikishwe hadi uwanja wa Kongens Nytorv katikati ya mji, na kwamba waliouchimba walikuwa mateka wa vita wa Kiswidi. Alituonyesha nyumba namba 9, iliyojengwa mwaka 1681, kisha namba 20, alikokaa mwandishi H. C. Andersen alipotoa hadithi zake za kwanza za watoto mwaka 1835. Alipofika kwenye nanga kubwa iliyosimikwa kwenye kichwa cha mfereji mwaka 1951 kuwakumbuka mabaharia zaidi ya 1,700 wa Denmark waliokufa katika Vita Kuu ya Pili, alishusha sauti na akanyamaza kidogo, jambo lililompendeza mama. Kwa hiyo mtu huyu anajua jinsi ya kuwaheshimu wafu, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Kabla ya kupanda boti tulikuwa tumepita mbele ya nyumba namba 11, ambayo zamani ilikuwa kiwanda cha kusafisha sukari. Juu ya mlango wake kuna kisanamu cha mfanyakazi wa sukari ameshika bonge la sukari lililochongoka kama pia. Mama alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huku miwa inaota?" Nikamjibu kwamba haioti. "Basi huyo kiongozi atatuambia ilikotoka," akasema, akapanda boti akiwa na daftari lake mkononi.

Hakutuambia. Tulipotoka mferejini na kulipita kasri la Amalienborg, tulifika mbele ya ghala kubwa la kale lililojengwa ukingoni mwa maji. Kiongozi akatuomba tuitazame sanamu ya shaba ya Daudi iliyosimama nje, nakala ya ile aliyoichonga Michelangelo, akaeleza kwamba ndani ya jengo hilo kumehifadhiwa nakala za plasta za sanamu maarufu za Ulaya. Watu wakapiga picha, boti ikaendelea kwenda kumwona yule nguva wa shaba, sanamu maarufu ya jiji. Jengo lenyewe linaitwa Vestindisk Pakhus, yaani Ghala la West Indies (visiwa vya Karibi), na liliwekwa hapo kwa ajili ya sukari na bidhaa nyingine zilizotoka katika visiwa vya St. Thomas, St. John na St. Croix, vilivyokuwa makoloni ya Denmark na vilivyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani.

Wanajamvi, hili si jambo la pembeni katika historia ya bandari ile. Mwaka 1671, mfereji ulipokuwa unachimbwa, mfalme yuleyule aliipa hati kampuni ya biashara ya West Indies, na mwaka 1672 Wadenmark wakaweka makazi St. Thomas. Watumwa walichukuliwa Afrika Magharibi, wengi wakipitia ngome ya Christiansborg pale Accra, na meli za Denmark zilivusha bahari zaidi ya watu 100,000. Amri ya kuikomesha biashara hiyo ilitolewa mwaka 1792 ikaanza kutumika mwaka 1803, lakini waliokuwa tayari mashambani hawakupata uhuru hadi mwaka 1848, na visiwa vyenyewe viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917 kwa dola milioni 25. Mbele ya ghala hilohilo, mwaka 2018, wasanii Jeannette Ehlers na La Vaughn Belle waliweka sanamu ya Mary Thomas, mmoja wa viongozi wa uasi wa vibarua wa St. Croix wa mwaka 1878, aliyeletwa Copenhagen na kufungwa katika gereza la wanawake la Christianshavn, mtaa wa jiji hilohilo. Boti yetu iliingia hadi kwenye mifereji ya Christianshavn. Jina la Mary Thomas halikutajwa.

Tuliposhuka nilimfuata kiongozi na kumuuliza kwa adabu kwa nini ghala lile halikuelezwa. Alinijibu kwamba muda ni mfupi na watu wamekuja kufurahi. Mama, ambaye kila mwaka alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake Bagamoyo kuona misafara ya watumwa ilikoishia, aliomba nimtafsirie jibu hilo, nikamtafsiria. Alifunga daftari lake, na hakusema neno hadi tulipofika kwenye treni.

Hicho kisingizio cha muda nakikataa. Andersen alipewa nyumba tatu, namba 20, namba 67 na namba 18, na kila moja ilikuwa na maelezo yake. Dakika mbili za ghala zingepatikana.

Nimeiandikia kampuni nikitaka mambo mawili: waeleze ghala lile lilikuwa la nini kila wanapolipita, au waondoe neno "historia" kwenye tangazo lao. Walinijibu kwa mistari miwili wakinishukuru kwa maoni yangu, nami nimewaandikia tena leo asubuhi. Mlioko Copenhagen, kama yupo kiongozi mnayemfahamu, wa boti au wa miguu, anayewasimamisha wageni pale mbele ya ghala na kuwaeleza, naomba mniandikie hapa. Mama anarudi Tanga tarehe 28, na nataka nimpeleke tena kabla hajaondoka.