SSD ya M.2 inaingia laptopu yoyote? Na mbona GB 512 inasoma 476?

mkaazi_kisauni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Laptopu yangu ina hadi diski (hard disk, ile yenye sahani inayozunguka) ya GB 500, ya inchi 2.5, na kuwaka kwake ni shida tupu. Nataka SSD, hifadhi ya chipu isiyozunguka. Kwenye bodi kuna soketi ya M.2 haina kitu. Maduka ya Digo Road hapa Mombasa, mmoja aniambia SSD ni SSD, mwingine aniuliza nataka SATA ama NVMe. Nichukue ipi? Tena SSD ya jirani imeandikwa GB 512, lakini Windows yasema 476. Ni feki?

fundi_bodi
Waaleikum salaam. Usitoe pesa bado. M.2 ni umbo tu, kile kijibao chenye upana wa mm 22. SATA na NVMe ni njia mbili tofauti za kuwasiliana na bodi, na zote hutengenezwa kwa umbo hilo. Soketi iliyounganishwa kwa SATA peke yake haiioni NVMe, hata ikikaa vizuri namna gani.

Tazama meno ya dhahabu ya SSD: M.2 ya SATA aghalabu ina mapengo mawili, NVMe huwa na moja. Lakini usitegemee pengo pekee. Kuna laptopu ambazo soketi hiyo ni ya modemu ya laini ya simu, wala si ya hifadhi kabisa. Nyingine za zamani huiona NVMe kama diski ya kuwekea mafaili, ila BIOS yake, programu ya bodi inayoamsha laptopu, haiwezi kuwasha Windows kutoka hapo. Chukua namba ya modeli iliyo chini ya laptopu, tafuta mwongozo wa mafundi wa kampuni iliyoitengeneza, usome sehemu ya hifadhi. Angalia na urefu: 2280 ni mm 80, 2242 ni mm 42. Tundu la skrubu likiwa kwa 42, ile ndefu haina pa kukazwa.

Mwongozo usipopatikana, weka SSD ya SATA ya inchi 2.5 pale pale ilipo hadi diski. Hiyo husoma karibu MB 550 kwa sekunde, ilhali hadi diski ya mizunguko 5400 kwa dakika ni kama MB 100. NVMe inayopita njia ya bodi iitwayo PCIe 3.0 hufika MB 3500, lakini katika kuwaka tofauti kubwa utaiona ukiachana na hadi diski, kwa sababu kichwa chake husafiri kutafuta kila faili.

hesabu_za_baiti
Namba ya jirani haina kasoro. Kiwandani giga moja ni baiti 1,000,000,000. Windows hugawanya kwa 1,073,741,824 kisha bado inaandika GB. 512,000,000,000 ukigawanya hivyo wapata 476.8. Hata hiyo 500 yako, itazame, itasoma 465.

Feki haijulikani kwa namba hiyo. Flashi feki huonyesha TB 2 kamili, lakini chipu yake ni ndogo, na mafaili mapya yanafuta ya zamani bila onyo. Ijaze yote kwa programu ya majaribio ya H2testw, au F3 kama watumia Linux, halafu programu isome tena ilichoandika. Fanya hivyo ikiwa tupu. Kuiformati hakuthibitishi chochote.

mvita_hadiweya
Niongeze ya kufungua. Zima kabisa, chomoa chaja, kisha chomoa kebo ya betri kwenye bodi kabla hujagusa kitu. M.2 huingizwa kwa mshazari, kama nyuzi 30, halafu waibonyeza ilale na kukaza skrubu taratibu. Ukiisukuma ikiwa imelala wavunja soketi.

Hapa kwetu na chumvi ya bahari, meno huota kutu ya kijani. Safisha kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, ikauke. Raba ya penseli hukwangua dhahabu, iache.

SSD mpya isipoonekana kwenye This PC (zamani My Computer) usiirudishe dukani mbio. Bonyeza Windows+R uandike diskmgmt.msc, uianzishe kwa mpangilio wa diski wa GPT, utengeneze sehemu mpya (New Simple Volume), uipe herufi. Na hadi diski ya zamani usiifute mpaka mafaili yako yawe yamefunguka kwenye mpya, moja moja.