Mrejesho: umeme wa kiwanda chetu cha korosho Masasi

Wakuu, niliuliza kwa nini yuniti zinapanda wakati korosho tunazobangua ni zilezile. Mkaniambia nifunge mita ndogo kila mashine. Nimefunga.

Nililaumu tanuri la kukaushia, kumbe ni kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa inayoendesha vifaa vyetu! Jumapili tumefunga kazi, haikuzimwa, mita yake inatembea tu. Nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya mabomba ya mpira yanayopitisha hewa: povu likafumka sehemu tano, yaani hewa inavuja na kompresa inajaza bure. Tumekaza klipu, tukashusha presha toka bar 8 hadi 7. Hiyo bar 1 peke yake huokoa karibu asilimia 7 ya umeme wa kompresa.

Sasa naandika yuniti kwa kila kilo 100 zilizobanguliwa. Aliyesema nisome mita Jumapili, Mungu akubariki sana.