Naomba ushauri: pilau la Krismasi kwa wenzangu 40 wa ofisini

Karani wa Dodoma
Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Nimehamia ofisi moja hapa Dodoma mwaka huu, na nimewaahidi wenzangu chakula cha mchana cha Krismasi tarehe 24, kabla hawajatawanyika kwenda makwao. Tuko 40. Nimepanga pilau, nyama ya kuchoma na kachumbari. Nyama ya mbuzi ninayo tayari, kilo 28, nimeihifadhi kwenye friza ya jirani. Naomba kujua kiasi cha mchele na namna ya kupika pilau jingi lisigeuke bokoboko, maana usingizi umeanza kunipaa.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mwanangu, kilo moja ya mchele hutosha watu saba au wanane, hivyo usipungue kilo 6. Gawa sufuria mbili, kwa sababu ukijaza moja, wali wa chini utalegea huku wa juu ungali na kiini. Chemsha nyama kwa tangawizi na kitunguu saumu, kisha supu yake ndiyo uipikie mchele. Vitunguu vikaangwe mpaka viwe vya kahawia kabla ya kutia bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Maji yakikauka, punguza moto wa chini na upalie makaa juu ya mfuniko.

Mzee wa Kaunta
Anayepikia ofisi nzima mwezi wa Disemba huwa anasubiri barua ya kupandishwa cheo Januari. Hata hivyo, nikukumbushe jambo. Kazini kwetu mwenzetu mmoja alipika usiku, akaleta pilau katika ndoo zenye mifuniko, na kufikia saa tisa alasiri foleni ya msalani ilikuwa ndefu kuliko ile ya chakula. Tangu siku hiyo mimi hubeba ugali wangu. Wali ulioiva usikae zaidi ya saa mbili ukiwa vuguvugu. Kwa hiyo pika alfajiri, na uuweke katika hotipoti ukiwa bado unatoa mvuke.

Fundi Sanifu
Dada, mchele ni jambo dogo. Mbuzi huyo amechinjwa na nani? Ofisi ya watu 40 mjini Dodoma haikosi Waislamu.

Karani wa Dodoma
Ndugu Fundi, sikuona haja ya kuliandika hilo kwa kuwa nyama ni safi. Alichinjwa na kaka yangu kijijini, upande wa Mpwapwa, na sisi ni Wakristo. Waislamu ofisini wanafika theluthi, akiwemo mkuu wangu wa kitengo. Kundi la WhatsApp limeshatangaziwa mbuzi, siwezi kurudi nyuma. Wakiuliza nitasema imetoka buchani. Mtu anayetoa bure asibanwe kama mfanyabiashara.

Ustadhi wa Kariakoo
Wapo wanaokula wakitegemea aya ya 5 ya Suratul Maida, inayoruhusu chakula cha waliopewa Kitabu, na wapo wasiokula mpaka wamjue mchinjaji na kama alilitaja jina la Mwenyezi Mungu. Uamuzi huo ni wao, dada yangu. Ukisema imetoka buchani umewanyang'anya, kwa sababu buchani wanajua kwamba kwa desturi ya machinjio yetu anayechinja ni Mwislamu.

Mama Mchungaji
Nami namuunga mkono Ustadhi. Utamwambiaje mtu uongo leo, kisha kesho ukaimbe kwamba Mwokozi amezaliwa?

Mpima Mizani
Samahani, mimi sijaiamini hadithi yenyewe. Nimefanya kazi mnadani, na mbuzi wetu wa kienyeji akitoa kilo 15 za nyama na mifupa, huyo ni beberu wa kusifiwa. Kilo 28 kutoka kwa mbuzi mmoja? Huenda hakuna mbuzi, hakuna kaka, na uzi huu umeandikwa ili dini mbili zigombane siku za sikukuu.

Fundi Sanifu
Hata mimi nimeanza kushtuka. Karani, jitokeze.

Karani wa Dodoma
Mbuzi yupo, na kaka yupo. Kilo 28 ni uzito aliopimwa akiwa hai. Nyama yenyewe sijaipima. Imejaa begi moja.

Mpima Mizani
Basi una kilo 13 hivi. Pilau la mchele kilo 6 linataka nyama isiyopungua kilo 5, na ukichoma robo kilo kwa kila mtu ni kilo 10 nyingine. Buchani utakwenda upende usipende.

Bi Mkubwa wa Tanga
Kumbe njia imejionesha. Nunua buchani nyama ya pilau, wote wale sufuria moja. Mbuzi achomwe kwenye jiko lake, kwa visu na sinia zake, nawe useme wazi amechinjwa nyumbani na nani.

Karani wa Dodoma
Kilo 5 za ng'ombe nitazipata Soko la Majengo, ingawa bajeti yangu haikuzitarajia. Mkuu wa kitengo nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso, wala si kwenye kundi. Ila jiko la pili sina.

Mzee wa Kaunta
Jiko ninalo, nipo Area C. Nitumie ujumbe wa faragha, na safari hii ugali wangu nitauacha nyumbani.