Mtindio wa ubongo: misuli inakaza, kiuno kinauma

Salaam. Kakangu, mtu mzima, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Ikifika jioni mapaja yanakaza, kiuno kinamuuma. Nimnyooshe vipi? Niko Likoni.

— Anza na kiti, dada. Msuli wa nyuma ya paja ukikaza huvuta nyonga, kiuno kinapinda. Makalio yafike nyuma kabisa, magoti digrii 90, nyayo zikanyage kibao cha miguu. Kitambaa cha kukalia kikilegea, tia ubao chini ya mto.

— Kunyoosha ni polepole, shikilia sekunde 30 hadi 60. Ukivuta ghafla, msuli unakaza zaidi.

— Ukazaji ukizidi ghafla, kagua choo kigumu, mkojo unaochoma, kidonda cha makalio. Na kama anameza baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, asiikatize ghafla: degedege hiyo! Apunguziwe na daktari.