Ushauri: mwanangu ana uvimbe usio saratani kwenye retina, tukubali upasuaji?

Mama Nasra: Wanajamvi, shikamooni wakubwa. Binti yangu ana miaka minne. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyeshtuka: akizibwa jicho la kulia, anapapasa ukuta. Hospitali ya kwanza wakasema huenda ni saratani. Nilirudi nyumbani miguu haina nguvu. Daktari wa retina (sehemu ya nyuma ndani ya jicho inayopokea picha) akamchunguza kwa nusu kaputi, akasema ni hamatoma, uvimbe wa kuzaliwa nao, na juu yake kuna utando unaovuta retina. Anashauri upasuaji. Baba yake anasema kama si saratani, kisu cha nini?

Karata Dume: Shemeji yuko sahihi. Mwacheni akue, ataamua mwenyewe.

nesi_macho: Karata Dume, unampotosha mwenzio. Ubongo unajifunza kuona miaka hii hii. Jicho likileta picha iliyopinda, ubongo unalipuuza, na ukija kunyoosha retina ukubwani unakuwa umechelewa.

Mama Nasra, hamatoma yenyewe haing'olewi. Imeota ndani ya retina, ukiitoa umetoa na retina. Wanatoboa vitundu kwenye weupe wa jicho, wanaondoa ute wa ndani, kisha wanabandua ule utando kwa koleo nyembamba mno. Kwa watoto ute umeng'ang'ania retina kuliko kwa watu wazima, kwa hiyo tafuteni mzoefu wa watoto. Retina inaweza kuchanika, mtoto wa jicho akatokea, au utando ukarudi. Kama OCT, kipimo cha kupiga picha tabaka za retina, haionyeshi retina kuvutwa na uoni haushuki, wengi hufuatilia tu.

Macho yote mawili yakiwa nayo, ulizia NF2. Ugonjwa huo huleta uvimbe kwenye neva za masikio, na watataka MRI ya kichwa.

Baba Wawili: Wa kwangu alifanyiwa. Kazi ilikuwa plasta! Unaziba jicho lisilo na tatizo ili lile goigoi lifanye kazi. Analia, anabandua, bibi yake anamsaidia kisirisiri. Tukaweka sheria: hakuna plasta, hakuna katuni. Jicho halijalingana na mwenzake, ila sasa anatambua herufi kubwa.

Mama Nasra: Asanteni. Ni jicho moja, na OCT inaonyesha retina imekunjamana. Simu anayo baba yake, anasoma. Anauliza kama mtoto atalazwa kifudifudi baada ya upasuaji.

nesi_macho: Wakiweka gesi ndani ya jicho kushikilia retina, huenda. Kubandua utando tu, mara nyingi hapana. Muulizeni daktari kabla hamjasaini.