Nimetolewa kwenye grupu la ukoo kwa sababu ya kitatange

Jamani, mie nimechoka na leo nasema. Juzi usiku shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, kanitoa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Tumo watu sitini na kitu mle, wa Wete, wa Chake, wa Unguja, na wengine wako Maskati. Ndimo tunamopashana habari za misiba na michango ya harusi. Sasa mtu akifa mie nitajulia sokoni.

Kosa langu niliuliza suali.

Shemeji alituma picha ya samaki, mkia kauzungushia duara jekundu, chini kaandika kwa herufi kubwa: SUBHANALLAH, JINA LA MUNGU MKIANI MWA SAMAKI, WANASAYANSI WASHINDWA KUJIBU, MTUMIE WATU KUMI. Samaki kamnunua mwenyewe dikoni saa mbili asubuhi. Saa tatu wanasayansi wameshashindwa.

Nikaangalia. Kitatange. Baba yangu alikuwa mtega madema, kitatange mie namjua mkubwa na mdogo. Mdogo ni buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, ana mistari myeupe iliyopinda kama mwezi mwandamo, ndiyo maana wenye elimu yao tangu 1831 wakamwita Pomacanthus semicirculatus. Akikua mistari ile inapotea, mwili unakuwa na ukijani wa matope, na mkiani inabaki michirizi na vidoto vya buluu, kila mmoja na vyake. Ukikaa na vitatange kumi utapata alifu ya Kiarabu, utapata lamu, na ukiwa na subira utapata na namba ya simu ya mtu.

Wala si mambo mapya haya. Inasimuliwa kuwa enzi za rupia alipatikana kitatange hapa hapa Zanzibar, watu wakasoma Kiarabu mkiani mwake, bei ikapanda kutoka visenti mpaka rupia 5,000. Na rupia yenyewe iliondoka 1936. Shemeji kaamka jana.

Mie nikauliza tu: "Shemeji, na wale wasioandikwa kitu ndio makafiri?"

Weee! Simu haikulala.

Kinachoniudhi si samaki. Ni hili neno "sayansi imethibitisha". Siku sayansi ikisema anachokitaka yeye, imethibitisha. Siku ikisema kingine, sayansi ni uongo wa makafiri. Mwezi uliopita, barazani, kikombe cha kahawa mkononi, katuapia kuwa Wamarekani hawajafika mwezini, ile filamu walipiga jangwani kwao. Haya, tumesikia. Wiki haijesha analeta sauti ya dakika tisa kuwa Neil Armstrong, yule Mmarekani aliyetangulia kukanyaga mwezi, alisikia adhana huko huko, akarudi akasilimu. Yakhe! Kaisikiaje na hakwenda? Mwenyewe Armstrong alikanusha, mpaka mwaka 1983 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ikawaandikia balozi zake kuwa mtu huyu hakusilimu. Na mwezini hakuna hewa, hiyo adhana ingepitia wapi? Nikamwambia hata hapa Tunguu Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani, na Februari 1962 John Glenn alipokuwa anaizunguka dunia alipita huku kwetu akazungumza na watu wa kituo kile. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa. Shemeji akapuliza kahawa yake, akasema: "Ndipo walipoanzia kutudanganya."

Sasa mtu kama huyu unamjibu nini?

Msikitini kwao ukutani kuna jedwali la nyakati za sala la mwaka mzima, limepigwa hesabu ya jua mpaka dakika. Analifuata kama dawa ya daktari, muadhini akichelewa dakika mbili ananuna mpaka Isha. Mwambie kuwa na mwezi una hesabu zake, kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44 mpaka uandame tena, atakwambia hesabu haina nafasi kwenye dini. Ndiyo sababu kwa mama Idi tunakula mara mbili, kila upande na siku yake. Hapo silalamiki sana.

Mwaka 1995 nilikuwa mtoto, Pemba, tukilala nje kwa kumwogopa popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku majumbani. Majamvi uwanjani, moto umekokwa, wazee wanakohoa usiku kucha. Na masharti yake mnayakumbuka: anayesema hayupo ndiye anayeendewa. Basi nani atakana? Baba yangu hakuamini hata kidogo, lakini alilala nje na sisi. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ningelala ndani peke yangu, wangesema popobawa ndiye mie." Na hakuwa anafanya mzaha: mwaka ule ule Unguja mtu mwenye maradhi ya akili aliuliwa na kundi la watu, wakidhani ndiye.

Hoja za shemeji ni popobawa mtupu. Ukiamini, huo ni ushahidi. Usipoamini, moyo wako umepigwa muhuri, na huo nao ni ushahidi. Ukinyamaza, umeshindwa. Ukicheka, ndio unatolewa grupuni.

Mie shaka ninayo tangu niko chuoni nasoma juzuu, sijifichi, wala sijamwambia mtu aache sala yake. Mama nampeleka msikitini mwenyewe na viatu namshikia. Lakini leo mama analia, shangazi wa Maskati ananitaka nitoe shahada upya, na ami yangu kasema nisomewe, gharama za kisomo nitoe mie! Yote kwa mtu ambaye hata anachokituma hakisomi mpaka mwisho.

Jana dada kanipigia kwa kujificha, sauti ya chini, nasikia na sufuria nyuma. Kanipa pole, kaniambia nimwombe mumewe radhi yaishe. Nikamwambia radhi nitaomba, lakini kwanza nimwone huyo samaki kwa macho yangu, maana mtu hawezi kuwa na jina la Mungu nyumbani akaliweka hivi hivi tu. Yuko wapi?

Dada akanyamaza kidogo.

"Tulimpika chukuchuku," akasema. "Mkia kala yeye."