Kikundi cha Majirani wa Tudor: Mikate ya Maziwa ya Kimarekani

Salma: Assalamu alaykum, majirani. Naomba msaada wa wenye mikono ya kupika kabla sijatia unga mwingine. Nimepata kwenye intaneti resipi ya mikate midogo ya maziwa, ile inayochanika kama pamba, iliyoandikwa na mpishi wa Marekani. Anataka vikombe vinne vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha maziwa ya vuguvugu, yai moja, siagi, sukari na pakiti ya gramu 7 ya hamira, kisha anasema unga uachwe kwa saa moja na nusu katika joto la kawaida la chumba. Muda haujafika nusu, unga wangu ulikuwa umefurika bakuli, na mikate ilipotoka kwenye oveni ilikuwa na uchachu na matundu makubwa. Je, hamira hii ina kasoro?

Bi Rukia: Alaykum salaam, mwanangu. Hamira haina kosa lolote. Muulize kwanza huyo mpishi yuko wapi na dirisha lake limefungwa au liko wazi. Mahamri ninayoyakanda Februari, wakati wa kaskazi, siyaachi muda ule ninaoyaachia Julai kusi linapovuma, na hapo sijatoka jikoni mwangu.

Mwalimu Hamisi: Bi Rukia amelenga pale pale. Mpishi wa Marekani au wa Ulaya anapoandika joto la kawaida la chumba, anakusudia nyuzi kama 20 hadi 22 za Selsiasi, ilhali jikoni kwetu mchana, jiko likiwa linawaka, tunavuka 30 bila shida. Hamira ni viumbe hai, na joto likipanda kwa kiasi hicho kasi yao ya kuchachusha hukaribia kuwa maradufu. Tena amekuambia utie maziwa ya vuguvugu, jambo linalofaa kwake kwa sababu unga wake na bakuli lake ni baridi, lakini kwako ni kuukimbiza unga ambao tayari unakimbia. Tumia maziwa yaliyotoka kwenye friji, punguza hamira hadi gramu 4 hivi, yaani kijiko cha chai na kitu kidogo juu yake, na uache kuitazama saa. Unga uwe maradufu ya ulivyokuwa. Ukiubonyeza kwa kidole, tundu lirudi taratibu na lisijae lote. Tundu likirudi mara moja, subiri. Lisiporudi kabisa, umechelewa.

Athmani: Mwalimu, na siagi je? Mke wangu alifuata maelekezo ya keki yaliyosema siagi iwe laini ya joto la chumba, akaiacha mezani tangu asubuhi, na alipoirudia ilikuwa mafuta.

Mwalimu Hamisi: Ni kisa kile kile, Athmani. Siagi ya kupigwa pamoja na sukari hutakiwa iwe na ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20, kwa sababu ikiwa katika hali hiyo ndipo inapoweza kushika vipovu vya hewa. Ikishayeyuka haishiki kitu, na keki hutoka imelala. Hapa Mombasa itoe kwenye friji, ikate vipande vidogo, na mara kidole kinapoingia kwa kusukuma kidogo, anza kazi.

Salma: Ahsante sana, Mwalimu. Nina swali jingine. Resipi inasema moto uwe 375, na kitasa cha oveni yangu kinaishia 250.

Mwalimu Hamisi: Hizo ni nyuzi za Farenhaiti. Ondoa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9, na utapata 190 na kitu. Ikiwa oveni yako ina feni ndani, shusha tena nyuzi 20 hivi, kwa sababu upepo wa feni huupeleka moto kwenye mkate kwa haraka zaidi.

Mama Brian: Hamjambo, majirani. Kabla hamjafika mbali, Salma ulipimia kikombe gani? Nauliza kwa sababu nyumbani kwangu kuna vikombe vya kila umbo, na hakuna viwili vinavyolingana.

Salma: Nilitumia kile cha plastiki chenye mistari, kilichoandikwa mililita 250.

Mwalimu Hamisi: Kikombe hicho hakikuharibii sana, kwa kuwa cha Marekani ni mililita 237 na wengi huandika 240. Ni kikombe cha chai cha nyumbani kinachoharibu, kwa maana kinaweza kufika 300. Lakini hatari kubwa zaidi iko kwenye unga wenyewe. Ukiuchota kwa kijiko ukaumimina kikombeni na kusawazisha juu kwa kisu, utapata gramu 120 au 125. Ukikizamisha kikombe ndani ya mfuko na kushindilia, unaweza kufika 150. Katika vikombe vinne hiyo ni tofauti ya gramu 100 au zaidi, karibu kikombe kizima, na hakuna kiasi cha maziwa kilichoandikwa kitakachokusahihishia jambo hilo. Kwa hiyo nashauri kila nyumba iwe na mizani ndogo ya jikoni. Resipi ikiwa na gramu, fuata gramu hata kama imeandika vikombe pembeni.

Bi Rukia: Mimi sina mizani na mahamri yangu mnayala.

Mwalimu Hamisi: Bi Rukia, mkono wako ndio mizani, na umeupima kwa unga ule ule na bakuli lile lile kwa umri mzima. Salma anapokea maneno ya mtu ambaye hajaushika unga wa hapa, wala hajui kwamba hewa yetu ya unyevu huingia hadi kwenye mfuko. Ndiyo maana asimwage maziwa yote mara moja. Abakize kama robo ya kikombe, akande kwanza, kisha aongeze kidogo kidogo kadiri unga unavyoomba.

Mama Brian: Basi nieleweni na langu. Nilipokuwa Nairobi nilikuwa na resipi ya keki ya ndimu niliyoitoa kwa mwandishi wa mapishi wa huko huko, na kila mtu aliisifu. Tangu nihamie Mombasa, resipi ile ile, kwa mizani ile ile, hutoa keki fupi yenye tumbo la majimaji. Nimebadilisha unga, nimebadilisha oveni, na mambo hayabadiliki.

Mwalimu Hamisi: Hilo si la unga wala oveni, Mama Brian, ni la mlima. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko ukingoni mwa bahari yenyewe. Huko juu hewa inakandamiza kidogo kuliko hapa, kwa hiyo gesi ya beking pauda hutanuka zaidi na maji hukauka upesi zaidi. Mwandishi wako, ajue asijue, ameirekebisha resipi yake mpaka ikakubaliana na hali hiyo, kwa kutia beking pauda kidogo na maziwa mengi. Ukiileta Mombasa inakosa msukumo na inabaki na maji. Ongeza beking pauda kwa kiasi cha robo ya ile iliyoandikwa, punguza maziwa kwa vijiko viwili vikubwa, uone. Ila nakuomba usibadilishe yote siku moja. Anza na beking pauda, andika ulichokiona, kisha uende kwenye maziwa, la sivyo keki ikikubali hutajua ni kipi kilichoitengeneza.

Athmani: Kwa hiyo resipi ya Mmarekani wa pwani inaweza kutufaa kuliko ya Nairobi?

Mwalimu Hamisi: Kwa keki, ndiyo. Kwa maharagwe pia, kwa sababu Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na muda wanaouandika wao ni mrefu kuliko tunaouhitaji sisi.

Mama Brian: Kumbe! Nilipofika hapa nilidhani maharagwe ya Kongowea ni ya aina nyingine, kwa jinsi yalivyokuwa yakirojeka sufuriani kabla sijamaliza kukata vitunguu.

Salma: Bi Rukia, nataka kutumia tui badala ya maziwa, ili mikate hii iwe na ladha ya kwetu. Je, nitie kikombe kwa kikombe?

Bi Rukia: Inategemea tui gani. Tui la kasimele, lile la kwanza linalotoka kwenye kifumbu, lina mafuta mengi mno. Ukilitia badala ya maziwa na siagi ukaiacha vilevile, mkate utakuwa mzito na hamira itachoka kuuinua. Rudishia maji kwenye machicha, kamua tena, utumie hilo tui la pili, na siagi uipunguze kidogo. Tena lisiwe la moto, kwani tui la moto huua hamira papo hapo. Na kwa kuwa tumelitaja tui, niwaambie kwamba resipi nyingi za samaki wa kupaka ninazoonyeshwa kwenye simu zinasema tui litiwe na liachwe lichemke kwa moto mkali. Wanazungumzia tui la mkebe, ambalo hutiwa vitu vya kulishika. Letu la kukuna kwa mbuzi ukilifanyia hivyo litakatika, mafuta kando na maji kando, kwa hiyo moto uwe mdogo na mwiko usitoke mkononi.

Athmani: Kuna keki nyingine inayotaka maziwa ya siagi, na dukani sijayaona. Je, tunaweza kutia maziwa ya kawaida?

Mwalimu Hamisi: Tia maziwa lala. Tazama kwanza kama resipi ina beking soda, kwa sababu beking soda huhitaji kitu kichachu cha kuiamsha. Ukitia maziwa ya kawaida itabaki imelala, na keki itakuwa na ladha ya sabuni. Maziwa lala yasipopatikana, kamulia kijiko kikubwa cha ndimu katika kikombe cha maziwa, usubiri dakika chache.

Athmani: Na sisi tusio na oveni?

Bi Rukia: Chukua sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama unavyofanya kwa mkate wa sinia. Kifuniko kisifunuliwe kila mara kwa ajili ya kuchungulia. Mayai nayo yatazame, kwani ya kienyeji ni madogo, na resipi ya Marekani ikisema matatu, wewe huenda ukahitaji manne.

Salma: Nimeandika resipi mpya kama ilivyotoka kwenye mazungumzo haya. Gramu 500 za unga, gramu 4 za hamira, gramu 50 za sukari, yai moja, gramu 45 za siagi, mililita 250 za tui la pili lililopoa, nikibakiza robo ya kikombe hadi mwisho wa kukanda, iliki kidogo. Nitauacha unga mpaka uwe maradufu na tundu la kidole lirudi taratibu, nitaukata madonge, nitayaacha yaumuke tena, kisha nitaoka kwa nyuzi 190 mpaka juu pawe na rangi ya kahawia. Kesho baada ya Alasiri nitagonga milango.

Bi Rukia: Chumvi umeiweka wapi, mwanangu?

Salma: Kijiko kimoja cha chai, Bi Rukia. Naiandika sasa hivi.